Mkono wa Mama Nerima Ndani ya Kiondo

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nitawahurumia kwa maneno machache.

Mimi ni Owuor, mwanafunzi wa shule ya bweni ambaye kwa sasa hana bweni. Nilirudishwa nyumbani, mtaa wa Umoja, kwa sababu nilitangaza kwenye kipaza sauti, alfajiri, kwamba maji ya moto yamefika. Shule nzima ilitoka na ndoo. Naibu wa mwalimu mkuu naye alitoka na yake, na hilo ndilo halikusameheka.

Mama alinipeleka kwenye maombi ya kina mama nyumbani kwa Mama Kiema, ili niombewe. Nilikwenda na kamera ya dada yangu Akech ndani ya sweta, bila ruhusa ya Akech wala ya Mungu. Walipofumba macho kuniombea, mimi nilimpiga picha Mama Nerima, mjane anayefulia watu nguo hapa mtaani. Alikuwa amepakata kiondo cha maombi, mkononi ana pakiti ya sukari, nusu iko kwenye kiondo na nusu iko kwenye mkoba wake.

Niliiandika "Mtakatifu wa Sukari" nikaituma kwenye kikundi cha simu cha vijana wa mtaa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tuliachana pale simu ya Mama ilipolia, naye akaifungua picha hiyo mbele yangu, kikombe cha chai mkononi.

Sasa endeleeni kunidharau.

Mama aliitazama kwa muda. Aliikuza kwa vidole viwili. Akairudisha ndogo. Akaikuza tena.

"Owuor."

"Naam, Mama."

"Hebu njoo uone hii."

Nilijongea na uso wa mtu asiyejua lolote. Shule ya bweni hufundisha uso huo kabla ya kufundisha hesabu.

"Ni Mama Nerima," nikasema.

"Na hiki alichoshika?"

"Kinafanana na sukari."

"Kinafanana? Hiyo ni sukari. Tena ni yangu."

Kicheko nilichokuwa nimekibana tumboni kikafa hapo hapo.

"Nilitia pakiti mbili kwenye kile kiondo," Mama akasema. "Mama Kiema akaniambia kwamba aliona moja. Nimekuwa nikijiuliza. Kumbe jibu lilikuwa njiani linakuja."

"Ulitia? Mimi nilidhani kiondo kinapitishwa ili watu wachukue."

Mama alinitazama kama mtu aliyelipia gunia la mchele akapewa maganda.

"Ungejuaje? Kila tukiomba wewe uko shule."

Akanieleza, na nilitamani asinieleze. Maombi yao huzunguka nyumba kwa nyumba. Ombi la mwisho linapoanza, kiondo kitupu huanzia kwa aliye karibu na mlango, kikapita pajani hadi pajani, kikaishia kwa mwenyekiti, ambaye ni Mama, na kwa mwenye nyumba. Macho yote yamefumbwa. Kila mkono lazima uingie, ulio na kitu na usio na kitu, hata wa mwenye nyumba. Kwa hivyo asiye nacho hajulikani, na aliye nacho hajisifu. Vilivyomo hubaki katika nyumba ile. Hakuna anayeuliza, hakuna anayesema.

"Ndiyo maana ombi la mwisho huwa refu," Mama akasema. "Si kwamba Mungu ana masikio mazito."

Mimi, ndugu msomaji, nilikuwa nimelihesabu ombi hilo kuwa ni uchovu wa wazee.

Lakini ulimi wangu haujawahi kujua wakati wa kulala. "Sasa Mama, kama hakuna anayesema, mbona wewe umesema ulitia mbili?"

Mama akanywa chai. Chai yenyewe haikuwa na sukari. Tangu nirudi nyumbani alikuwa ameiacha kwa ajili ya afya, na sisi tukaiacha kwa ajili ya amri. Alikuwa akituhubiria kila asubuhi jinsi sukari inavyoharibu damu, na mimi nilikuwa nimemtungia wimbo kuhusu mahubiri hayo. Nilimwita Daktari wa Jikoni.

"Mwenyekiti huwa na sababu zake," akasema. Kisha akaikuza picha tena, safari hii kwenye pembe ya chini.

Pale pembeni palikuwa pameandikwa kwa herufi ndogo za kupendeza: Picha na Akech.

Simu ya Akech huliweka jina hilo yenyewe kwenye kila picha inayotoka kwenye kamera yake. Niliazima simu yake pia, mnisamehe. Niliona jina, nikaliacha. Niliona linaipa picha heshima.

*

Kabla Akech hajaingia mlangoni, lazima niwaambie kuhusu ile kamera, maana nayo imeonewa.

Ni ndogo. Ukiiweka kwenye mkoba, unaweza kudhani ni pakiti ya majani ya chai. Akech aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na kwa miezi mingi kabla ya hapo alikuwa akienda kazini eneo la viwanda la Industrial Area kwa miguu. Yeye ni karani wa stoo. Hapigi picha za harusi, wala hatafuti kazi ya kupiga picha. Anapenda tu. Anapenda mikono ya maseremala wa soko la Gikomba, na milango ya zamani ya Umoja kabla haijabomolewa ghorofa zipande.

Wenye kamera kubwa humcheka. Humuuliza kama ile yake imekwisha kukua. Yeye hujibu kwamba kamera kubwa huwafanya watu wavae nyuso za Jumapili, lakini yake hakuna anayeiogopa. Haina kioo kinachopiga kelele ndani, kwa hivyo inaweza kupiga bila kutoa hata sauti ya kuku kudonoa. Na skrini yake huinuka, ukaitazama kutoka juu ukiwa umeiweka pajani.

Hebu fikiri. Chombo kisicho na sauti, unachokitumia ukiwa umeinamisha kichwa. Mtu akikuona kwenye maombi anasema huyu kijana ameguswa.

Ubaya wake ni betri tu. Inakula betri kama mwanafunzi wa bweni anavyokula mkate wa nyumbani.

Jioni ile Akech aliingia akiwa anaimba. Kina mama wa maombi walikuwa wamekubali, baada ya kubembelezwa tangu Pasaka, kwamba awapige picha mmoja mmoja kwenye milango yao. Alitaka kuzitundika ukumbi wa kanisa.

"Akech," Mama akasema, "kumbe unawapiga watu picha wakiwa mbele za Mungu?"

Akapewa simu. Nilimwona akiisoma ile picha jinsi mwenye ng'ombe anavyosoma alama sikioni mwa ng'ombe wake. Akaliona jina lake. Akainua macho, akanitazama.

Mimi nilikuwa nachunguza kikombe changu.

"Kamera ni yangu," akasema polepole.

"Nimekuuliza kama umepiga."

"Kamera ni yangu, Mama. Sina la kuongeza."

Mama aliongea mpaka maji ya ugali yakakauka jikoni. Akech akaenda kuongeza mengine, akarudi. Nami nilikaa pale nikisikiliza dada yangu akigombezwa kwa kosa langu, na neno moja, "mimi", herufi nne tu, likanishinda kulitamka. Mimi niliyetangaza maji ya moto kwa shule nzima.

*

Asubuhi Maingi alinikuta langoni. Huyu ni rafiki yangu, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisambaza ile picha nje ya kikundi chetu.

"Niaje, msanii. Picha yako imefika hadi mtaa wa Donholm."

"Si yangu. Soma jina."

"Buda, unanificha mimi? Ulinionyesha kabla hujaituma. Ulicheka hadi ukapaliwa."

"Punguza sauti."

"Sikia hii sasa. Mathe wangu amemwambia Mama Nerima asije tena kufua kwetu. Amemwambia nyumba yetu ina sukari nyingi, asije akashawishika." Maingi akacheka peke yake. "Ni kali, ama?"

Wiki moja nyuma ningesema ni kali. Ningeiandika mahali.

Wakati huo huo Mama Nerima akatokea kwenye kona, beseni kichwani. Alikuwa amepiga hodi kwenye mageti ya barabara yetu yote. Beseni lilikuwa kavu. Mimi sijawahi kuona beseni la Mama Nerima likiwa kavu saa kama hizo.

"Owuor, mwanangu," akasema. "Bado hujarudi shule?"

"Bado, Mama Nerima."

"Utarudi. Tulikuombea vizuri sana siku ile."

Maingi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi nilitamani ardhi ya Umoja, ambayo hupasuka kila mara watu wa maji wanapochimba, ipasuke pia kwa faida yangu.

"Mama Nerima," nikasema, "kwa nini usiwaambie?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba hukuchukua. Labda ulikuwa unatia."

Aliniangalia, na macho yake hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo.

"Wewe si ulikuwa umefumba macho? Utajuaje nilikuwa nafanya nini?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Mwanangu, nikianza kutembea mlango kwa mlango nikisema nilitia, nilitia, nitakuwa nimekirudia kiondo nikachukua nilichotoa. Basi hapo ndipo nitakuwa nimeiba kweli."

Akalisawazisha beseni, akaenda zake.

"Ameongea kama bango la kanisa," Maingi akasema.

"Maingi, nenda kwenu."

"Ati?"

"Nenda kwenu."

Akaenda, akiniangalia kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

*

Jioni Akech alitoka kazini akaingia moja kwa moja chumbani, akafunga mlango. Mama hakuwa amefika.

"Kaa."

Nikakaa.

"Kina mama wote wamekataa kupigwa picha. Mama Kiema ameniona sokoni Mutindwa akavuka barabara. Umefurahi?"

"Hapana."

"Ulipiga ngapi siku ile?"

"Moja."

"Owuor."

"Moja, Akech. Ile niliyotuma."

"Sikuulizi uliyotuma. Siku moja kabla ya maombi nilikuwa Gikomba. Nilikuwa napiga maseremala wakirushiana mbao, na kamera niliiacha imewekwa kupiga mfululizo. Ukishikilia kidole, inaendelea tu. Haina sauti, kwa hivyo huwezi kujua."

Nikakumbuka kidole changu. Kilikuwa kimekwama pale, mwili mzima ukitetemeka kwa kubana kicheko. Baadaye, chumbani, nilikuwa nimechagua picha iliyochekesha zaidi, sikuangalia nyingine. Mcheshi hahitaji ushahidi.

Akech akaiwasha kamera. Alama ya betri ilikuwa nyekundu, ikimetameta. Betri ya akiba niliimaliza mimi, nikimpiga picha paka wa jirani akiwa amevaa kofia ya askari wa lango.

"Itazima wakati wowote," akasema. "Kaa kimya tuangalie."

Picha ya kwanza: Mama Nerima amepakata kiondo, mkono wake uko ndani ya mkoba.

Iliyofuata: pembe ya pakiti imechomoza kwenye mkoba.

Kisha ile yangu, ile ya utakatifu.

Kisha pakiti ikiwa imezama kwenye kiondo, na mkono umezama nayo.

Kisha mkono ukitoka. Vidole vimenyooka. Hakuna kitu.

Akech akazirudia kuanzia mwanzo, polepole, na mara zote sukari ilisafiri upande ule ule. Kutoka kwenye mkoba wa mwanamke anayefulia watu nguo kuingia kwenye kiondo cha Mama Kiema, ambaye mume wake amesimamishwa kazi kiwandani. Na katika picha zote hizo Mama Nerima hakuwa amefumbua macho hata kidogo.

"Alikuwa anatia," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto wa chekechea.

"Alikuwa anatia." Akech akanipiga kofi la begani, karibu la furaha. "Basi yamekwisha. Tunawaonyesha hizi, unakiri, unapigwa, na maisha yanaendelea."

Nilianza hata kutabasamu. Lakini kidole chake kilikuwa bado kinabonyeza mbele, na kiondo kikaondoka pajani mwa Mama Nerima kikaenda kwa aliyeketi kando yake.

Aliyeketi kando yake alikuwa Mama.

Mkoba wa Mama ulikuwa sakafuni katikati ya miguu yake, umefungwa zipu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kiondo, umekunjuliwa. Ulikuwa mtupu. Picha iliyofuata, mkono umeingia. Iliyofuata, umetoka. Mtupu. Na macho yake yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu, kama ya mtu anayengoja sindano.

Skrini ikazima.

Akech akabonyeza kitufe mara mbili; haikuwaka.

"Labda alitia mapema, kabla ya ombi," nikasema.

"Kiondo huanza kitupu. Unajua."

"Mama alisema mbili."

"Mama Kiema alishukuru mbele yangu na Mama," Akech akasema. "Hakumtaja mtu. Alisema tu, aliyenikumbuka na sukari Mungu amkumbuke. Mama akasema, ah, dada, pakiti mbili ni kitu gani. Mama Kiema akashangaa, akasema, mbona ni moja. Nadhani lilimtoka Mama tu. Kisha akashindwa kulirudisha."

"Akech."

"Nini?"

"Chai yetu."

Akaifunga skrini ya kamera. Maana yake tulikuwa tumeifikia sote kwa wakati mmoja. Ile hotuba ya sukari na damu. Ule wimbo wangu.

"Wiki jana nilipita ofisini kwa Mama nimpelekee ufunguo," Akech akasema mwishowe. "Askari wa lango akaniuliza, mama yako alipata kazi nyingine wapi? Nikadhani amenifananisha na mtu."

"Lakini kila asubuhi anavaa sketi ya kazi."

"Najua anachovaa."

"Na karo yangu imelipwa."

"Ndiyo, Owuor. Yako imelipwa."

Akafungua kamera chini, akaitoa kadi, akaniwekea kiganjani. Haikuwa kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Ukiwaonyesha, Mama hataweza kuinua uso mtaani. Usipowaonyesha, Mama Nerima hatafua tena hapa. Mimi tayari wananiita mpiga ramli wa kanisa, sina la kupoteza. Amua. Wewe ndiye uliyefumbua macho."

*

Jumamosi ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Nilipanga viti bila kuagizwa, jambo lililomfanya Mama anishike paji la uso kuona kama nina homa.

Kina mama walikuja na kujibana kwenye sebule yetu. Mama Nerima alikuja pia. Alichukua kiti cha karibu na mlango, mkoba wake juu ya magoti, na viti vya kulia kwake vikachelewa kupata watu. Mwishowe Mama Kiema akakaa hapo. Akech alikaa baada ya hapo, kisha wengine, hadi kwangu, na baada yangu Mama, ambaye leo alikuwa mwenyekiti na mwenye nyumba pia.

Chai ikapita. Mama Maingi alionja, akatafuta kwa macho bakuli la sukari.

"Tumeacha kwa ajili ya afya," Mama akasema.

"Vizuri," Mama Maingi akasema. "Na tena ni usalama."

Wawili watatu wakacheka ndani ya vikombe. Mama Nerima akaendelea kunywa.

Mama akaweka kikombe chini. "Kina mama, kuna jambo tulilonalo, na haliwezi kuendelea kukaa katikati yetu. Akech wangu amekosa, na nimemwambia. Lakini kosa lake limefunua lingine."

"Mwenyekiti," Mama Kiema akasema, "mimi sikumlalamikia mtu. Nilipata sukari, nikashukuru, nikapika chai. Naomba tuache."

"Hatuachi," Mama Maingi akasema. "Leo ni kiondo, kesho ni kabati. Mama Nerima, sema wewe mwenyewe. Ulikuwa unatia au unatoa?"

"Kiondo ndicho kinajua," Mama Nerima akasema.

"Kiondo hakina mdomo. Kamera ndiyo imesema."

Kadi ilikuwa imelowa jasho kwenye kiganja changu. Sikuwa nimeamua kitu. Nawaapia, mpaka leo sijui nani aliyenisimamisha.

"Si Akech," nikasema.

Vichwa vikageuka.

"Si Akech aliyepiga. Ni mimi. Nilipiga mkiwa mnaniombea."

Vikombe vikashuka. Mama Maingi akatangulia kusema. "Kumbe siku ile tulipoteza pumzi bure."

"Owuor, keti," Mama akasema.

"Akech hakuwa anajua hata kama kamera imetoka nyumbani. Jina lake lilijiandika lenyewe. Mimi ndiye niliyemwita Mama Nerima mtakatifu wa..." Nilishindwa kuimaliza. Nilipoiandika ilikuwa tamu sana.

Mama Nerima alikuwa akinitazama. Hakuonyesha kushangaa. Nikaelewa kwamba tangu siku ile langoni alikuwa anajua, na bado alikuwa ameniambia nitarudi shule.

Nilidhani Mama angenirukia. Badala yake akaniuliza swali dogo, kwa sauti ndogo.

"Siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

"Mbele yenu, Mama."

"Mbele yetu nani?"

"Mbele ya Mama Nerima." Nikaongeza, "Na wewe."

Aliishika pete yake, akaizungusha kidoleni.

"Na ulipiga picha moja."

Hilo halikuwa swali. Lilikuwa ombi. Mama yangu, aliyenichapa kwa vyombo vya jikoni vya kila aina, alikuwa ananiomba mbele ya watu ambao hawakujua kwamba anaomba.

"Zilikuwa nyingi," nikasema. "Kamera iliendelea yenyewe."

"Basi zilete tuzione," Mama Maingi akasema. "Kama zipo, ubishi wa nini?"

"Ndiyo," mwingine akadakia. "Zitatuonyesha."

Akech alikuwa ameinamisha uso. Mama Kiema alianza kusema kitu, akakiacha.

"Tuombe kwanza," Mama akasema. Alisema haraka, kama mtu anayefunga dirisha upepo unapoanza. "Tuombe, kisha tutaona. Kiondo kianze."

Aliyeomba alikuwa mama mmoja wa pembeni ambaye huomba kama mtu anayesafiri kwenda mbali. Alianzia kwa wagonjwa wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Vichwa vikainama. Nikasikia kiondo kikianza safari kutoka mlangoni, ule mkwaruzo wa katani kwenye magauni.

Nami nikafumba macho. Sikufanya mzaha, wala sikuacha ufa. Niliyafumba kama walivyoyafumba wao siku ile kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimepata akili, au nilidhani ni akili. Kiondo leo kinabaki nyumbani kwetu. Atakayekimwaga jikoni ni Mama, akiwa peke yake. Nikiitia kadi humo, atakuwa ameipata bila mtu kumpa. Ataamua yeye. Nilijiambia kwamba hiyo ni heshima kwa mzazi. Sasa ninapoandika naona kwamba ilikuwa pia njia ya kuutua mzigo wangu pajani mwa mtu mwingine, tena mtu ambaye tayari alikuwa amelemewa.

Kiondo kikafika kwangu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia. Nilipeleka mkono ndani, nikapapasa. Mche wa sabuni. Mkate. Nyanya. Watu waliokuja kumhukumu mwenzao hawakuwa wamesahau kutulisha.

Nikaiachia kadi ikateleza kando ya mkate.

Kabla sijakipitisha kiondo, mkono mwingine ukaingia.

Uliingia kutoka upande wa Mama, ukaugusa wangu, ukakaa pale pale. Niliujua kwa ile pete yake, ambayo siku hizi imelegea kidoleni. Na haukuwa mtupu. Ulikuwa umeshika pakiti, karatasi laini, na ndani yake chembechembe zilizokuwa zikisagana kila uliposogea.

Ulikuwa unaitia, au unaitoa? Sikuweza kujua.

Nikafumbua macho. Nilichokiona nitawaandikia wiki ijayo.